Wazee Waliogeuzia Pazia Mgongo

Nimeendesha mashine za sinema katika miji mingi ya kusini mwa India, tangu zama za reli nzito za filamu mpaka hizi za leo ambapo filamu inaletwa kwenye kisanduku unachoweza kukitia kwapani. Sikukaa mahali. Nikishazoea chai ya mtaa mmoja, miguu huanza kuniwasha. Kwa Mangai ndiko nilikokaa, sijui kwa nini. Labda kwa sababu hakuwahi kuniuliza nitaondoka lini.

Sinema yake inaitwa Ponni, iko nyuma ya soko la ndizi, mwendo mfupi wa basi kutoka Madurai. Pazia lake, kile kitambaa cheupe cha kuoneshea picha, lilinunuliwa na marehemu mumewe, na lilikuwa ndilo roho ya jengo lile. Shemeji yake alitaka pale pawe ukumbi wa harusi. Siku moja alimwambia mbele yangu, huku anakunywa chai yetu: "Shemeji, mimi sina haraka. Siku pazia hilo likichanika, hutapata pesa ya kununua jingine. Siku hiyo nitaleta mafundi." Mangai alicheka kidogo, ila baada ya hapo kila jioni alikuwa anapita mbele ya pazia na kuligusa ukingoni, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Basi ikaja filamu ya nane ya Vairavan.

Vairavan ni jasusi. Mwigizaji Maaravarman amemcheza tangu nywele zake nyeusi hazijahitaji dawa. Katika kila filamu, kabla ya pambano la mwisho, Vairavan huagiza chai ya tangawizi, huiacha mezani na kusema, "Msiiondoe. Haitapoa." Anakwenda, anawapiga watu kiwanda kizima, anarudi, na chai bado inatoa mvuke. Akinyanyua kile kikombe, ukumbi hurukwa na akili. Watu wanawasha kafuri kama hekaluni, wanavunja nazi sakafuni, wanarusha vipande vya karatasi mpaka mimi huku juu sioni picha.

Mangai alipanda kwenye chumba cha mashine siku moja kabla, simu mkononi.

"Binamu yangu yuko Malaysia. Huko wameshaiona."

"Eti ikoje?"

"Anakufa."

"Nani?"

"Nani mwingine? Vairavan. Anakwenda, harudi. Chai inapoa mezani, filamu inaisha."

Nikakaa chini. Katika filamu ya saba Vairavan alipigwa kofi moja tu, na mwanamke, akanyamaza. Kwa kofi hilo tu, mji wa jirani waling'oa viti na kuchana pazia toka juu mpaka chini. Sasa kifo?

"Sornam atalipasua pazia," Mangai akasema. "Anakuja na panga lile."

Sornam ni muuza nazi, mwenyekiti wa chama cha mashabiki tangu filamu ya kwanza. Amechorwa sura ya Vairavan kifuani, na kwa kuwa kifua kimelegea, Vairavan naye amezeeka humo humo. Panga lake ni la kazi, na siku za filamu mpya yeye ndiye mvunja nazi. Kumzuia asiingie nalo ni sawa na kumzuia kuhani asiingie na kengele.

"Tukate," nikamwambia Mangai. Zamani ndivyo tulivyofanya. Kina mama wa mahali wakikataa bibi harusi afe, hafi. Unaikata reli, unawasha taa, watu wanakwenda kupika. "Vairavan akishaweka kikombe mezani na kutoka, ninasimamisha. Taa. Wimbo."

Mangai akauliza, "Na wale vijana, walioshausikia mwisho?"

"Vijana watanung'unika. Hawana panga."

Hakulala, nami sikulala vizuri.

Asubuhi barabara ilikuwa imefungwa na watu. Picha ya mbao ya Vairavan, ndefu kuliko paa la sinema, ilikuwa imesimamishwa getini na mashada shingoni. Sornam alikuwa juu ya ngazi na ndoo, anamwogesha maziwa kichwani. Chini, mpwa wake Iniyan na vijana wenzake wanamrekodi kwa simu.

"Mmwagie vizuri, mjomba," Iniyan akapaza sauti. "Ndiyo maziwa yake ya mwisho."

"Funga domo hilo! Stelingi hafi."

"Huyu anakufa. Na anakufa vizuri. Malaysia wamelia, kisha wakasimama kupiga makofi."

"Malaysia! Wanaangalia sinema wamejifunika shali kwa baridi ya kiyoyozi. Wanajua nini wale?"

"Mjomba, tuseme ukweli. Mtu anaruka kutoka treni hadi treni na goti lake linalia kama mlango. Mwacheni apumzike."

"Goti lake ni zima kuliko kichwa chako."

Watu wakacheka pande zote mbili, lakini kicheko cha wazee kilikatika upesi. Nilimwona Mangai kwenye dirisha la tiketi. Hakucheka.

Filamu ilianza na kelele zikaanza nayo. Wazee walikaa viti vya mbele, mashati meupe, Sornam katikati na panga mapajani na kikapu cha nazi miguuni. Vijana walijaza nyuma. Vairavan alipotokea mara ya kwanza wote walikuwa kitu kimoja. Miluzi ilinipasua masikio. Kisha wakaanza kuachana. Vairavan alishindwa kupanda ukuta akavutwa na msichana, jasusi mpya. Nyuma wakashangilia. Mbele mtu akafoka: "Hiyo nini? Anavutwa kama gunia?" Vairavan akavaa miwani asome ramani. Nyuma makofi. Mbele kimya.

Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe kabla hata hajaagiza chai. Akaiagiza. Akaiweka mezani. Akasema maneno yake, na ukumbi mzima ukayasema pamoja naye. Akatoka mlangoni.

Nikabonyeza. Taa zikawaka. Nikaweka wimbo.

Wazee waliruka juu. Sornam alipasua nazi moja, ya pili, ya tatu, maji yakatapakaa. "Nilisema nini? Nilisema nini mimi?" Walikumbatiana, wakaanza kutoka wakipigana mabega.

Vijana hawakuinuka. Wote walikaa, mikono imefungwa kifuani, wanatazama pazia tupu. Kisha Iniyan akasimama juu ya kiti.

"Babu wa mashine! Endelea!"

Nikajificha nyuma ya ukuta kama mwizi.

"Umetukatia! Tuoneshe mwisho, au tutautafuta nyuma ya pazia lenyewe!"

Wakaanza kugonga viti kwa miguu. Chupa ya maji iliruka ikagonga pazia katikati, ikaacha alama ya unyevu. Mangai alikuwa ameshafika mbele, amesimama pale chini ameinyoosha mikono, mwanamke mfupi mbele ya kitambaa kikubwa kiasi kile. Niliteremka mbio.

Na Sornam alikuwa amerudi. Alisimama mlangoni, panga linadondosha maji ya nazi.

"Mangai," akamwita. "Kuna kipande kimebaki?"

Nilitamani aseme hapana. Lakini hapana ile ingewafanya wa nyuma waje. Na angesema ndiyo, angekuja huyu wa panga. Mangai akanitazama, mimi nikatazama viatu vyangu.

"Kipo, kaka."

"Anakufa?"

"Ndiyo."

Viti viliacha kugongwa. Sornam akatembea kwenye njia ya katikati, polepole. Wazee wakarudi nyuma yake mmoja mmoja. Mangai hakusogea. Mzee yule akafika karibu naye kabisa, na mimi nikawa nimeshika mkono wa kiti kwa nguvu hata kucha zikaniuma.

Aliinama, akaweka panga sakafuni, chini ya pazia. Akavua viatu, kama tunavyovua kwenye nyumba ya msiba. Kisha akaligeuzia pazia mgongo.

"Chama, njooni hapa."

Wakaja, wakavua viatu, wakajipanga bega kwa bega kutoka ukuta mpaka ukuta, migongo kwenye pazia, nyuso kwa vijana.

"Sisi hatutazami," Sornam akasema. "Anayetaka kumwona anakufa, atazame. Anayetaka kurusha kitu, anirushie mimi."

"Mjomba, utatuzibia!"

"Inua shingo."

Akanipungia mkono niende juu. Nikapanda. Nikabonyeza vibaya, nikabonyeza tena.

Sijawahi kuona sinema ikiangaliwa namna ile. Sehemu ya chini ya picha ilikuwa inaangukia kwenye vichwa na mashati ya wale wazee; moto wa daraja ukawaka mabegani mwao, maji yakapita usoni mwa Sornam. Hakupepesa. Alisikia risasi, alisikia daraja likianguka. Nyuma hakuna aliyepiga mluzi. Mwisho ikaja ile meza, kikombe, na ukimya. Mvuke ukapungua, ukaisha. Iniyan alikuwa ameweka mikono kichwani. Mbele, mzee mmoja alikuwa analia na macho yamefumbwa.

Taa zilipowaka, vijana walisimama wakapiga makofi, halafu wengine wakaona aibu wakaacha. Wakaanza kubishana papo hapo: yule anasema ndiyo nzuri kuliko zote, huyu anasema mwandishi anyongwe. Lakini walibishana wakielekea mlangoni. Mangai aligeuka akaweka kiganja kwenye ile alama ya unyevu. Pazia lilikuwa zima.

Niliposhuka, Sornam alivaa viatu vyake akaniuliza kwa sauti ya chini, "Chai je?"

"Ilipoa," nikasema.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei.

Getini watu wa onyesho la mchana walikuwa wameshajaa, wamekuja kwa malori kutoka vijijini, nao wana nazi, wana panga, wana ndoo za maziwa. Walimjua. Walimzunguka.

"Mwenyekiti! Wanasema amekufa. Ni kweli?"

Mangai alisimama nyuma ya dirisha la tiketi, mkono juu ya kifua. Sornam alitazama juu kwenye uso wa mbao, maziwa yalikuwa yameganda kidevuni. Watu wakaanza kusukumana.

"Mimi sikuona," akasema. "Nilikuwa nimegeuka. Ingieni muone wenyewe. Na mtakapoingia, nazi zenu mtavunjia huku nje. Mapanga nipeni mimi."

Mmoja akasita, kisha akampa lake. Wengine wakafuata, wakinung'unika.

Mangai akatoka na kiti cha plastiki. "Kaka, utabaki kwa onyesho hili?"

"Na la jioni," akasema Sornam. Alikaa, rundo la mapanga miguuni, akamwita mpwa wake. "Iniyan! Waite wenzako wenye mabega, mlilinde pazia. Wazee wangu wamechoka kusimama."

"Sisi tutageuka nyuma, mjomba? Sisi tunataka kutazama."

"Mmeshatazama. Sasa simameni."

Nikapanda juu kuwasha mashine. Chini malori mengine yalikuwa yanapiga honi.