Nusu Kidonge cha Karani

Mtaani walimwita Dozi. Alikuwa nesi aliyestaafu baada ya miaka thelathini na minne wodini, na jina hilo alipewa na wanafunzi wake, kwa sababu hakumruhusu mtu kushika sindano kabla hajamtajia dozi, uzito wa mgonjwa na saa ya kutoa dawa. Kustaafu hakukumpumzisha. Mtoto akichemka, mzee akibanwa na kifua, mlango uliobishwa ni wake. Alikuwa na kisanduku cha bati chenye dawa, na maneno makali kwa waliochelewa kuja.

Mumewe alikuwa fundi saa zamani, mpaka presha ya macho ilipomla nuru jicho moja, kisha la pili. Walikutana yeye akiwa mgonjwa na mguu umevunjika, naye mkewe akiwa nesi wa zamu, na tangu siku hiyo hakuacha kumwita Sista, hata walipokuwa na wajukuu. Giza lilipomkalia kabisa, akawa mtu wa kiti kimoja na redio moja. Halafu akaja paka.

Aliingia kwa dirisha la jikoni, kitoto cha kiganja, akagoma kutoka. Mzee alimpa jina la Karani, maana kila asubuhi alipanda juu ya meza na kukaa wima kana kwamba anangoja mafaili. Akamvisha kengele ndogo shingoni. Kwa mlio wake alijua yuko wapi, na polepole akaanza kumfuata: mpaka barazani, mpaka uani, mpaka kwenye jua la asubuhi. Fimbo nyeupe aliyonunuliwa na wanawe alikuwa ameikataa kabisa. Paka hakumkataa.

Siku moja Karani alirudi kutoka kwenye ugomvi wa mapaka akichechemea. Mguu wa mbele ulikuwa umevimba, una tundu mbili za meno, na mwili wake wa moto. Chakula alikinusa akakiacha.

"Sista, tumpeleke kwa daktari wa wanyama," mzee alisema, kidole chake kikipapasa uvimbe.

"Kwa kidonda cha kung'atwa? Kwani mimi nilikuwa nafanya kazi gani miaka yote ile?"

"Ulikuwa unatibu watu."

"Homa ni homa, mzee wangu. Kanywe chai yako."

Akakiosha kidonda kwa maji ya chumvi. Kisha, mzee alipotoka kwenda barazani, akafungua kisanduku. Hakubahatisha. Alimpima Karani kwa mizani ya jikoni, akapiga hesabu ya mtoto mchanga, akaona dozi ni ndogo mno na mnyama yuko kwenye maumivu, akaongeza kidogo. Nusu kidonge cha parasetamoli, akakisaga, akakichanganya na supu ya samaki. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Hakumwambia mumewe, aliona si jambo la kutangaza.

Kufikia adhuhuri, kengele haikusikika tena. Mzee ndiye aliyemkuta chini ya meza, akihema kwa mdomo wazi.

"Njoo umtazame," aliita. "Uso wake umekuwa mkubwa."

Ulikuwa umevimba kweli, na nyayo pia. Dozi alimfungua kinywa. Ufizi uliopaswa kuwa wa waridi ulikuwa wa rangi ya kahawia, kama majani ya chai yaliyolala. Rangi za namna hiyo alizijua. Alizisoma miaka thelathini na minne kwenye midomo ya watu waliokuwa wanakosa hewa.

Walimweka kwenye kapu, wakakodi teksi. Mzee alitembea ameshika kiwiko cha mkewe mpaka ndani ya kliniki, chumba kidogo chenye meza ya bati na harufu ya dawa ya kusafishia. Daktari alikuwa kijana mfupi, mtaratibu, mwenye koti la kijani lililojaa manyoya.

"Kuna kitu amekula? Sumu ya panya? Kuna dawa yoyote mliyompa?"

Dozi alihisi vidole vya mumewe kwenye kiwiko chake.

"Hapana," alisema. "Nimemwosha kidonda tu."

Neno likishatoka limetoka. Daktari akaanza kuhangaika: akapima joto, akatafuta alama ya kuumwa na nyoka, akauliza kama kuna jirani anayepulizia bustani dawa. Akavuta damu kidogo, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa nyeusi nyeusi, nzito.

"Damu hii haibebi hewa," alisema. "Kuna kitu kimeiharibu, ila sijui ni nini. Nikimpa dawa kwa kukisia, naweza kumuua mimi mwenyewe."

Dozi alisimama pale akisikia sauti yake mwenyewe ya zamani. Wangapi aliwagombeza wodini kwa kuficha mitishamba waliyokunywa? Mficha maradhi, kifo humuumbua: hivyo ndivyo alivyokuwa akiwaambia, tena mbele za ndugu zao, bila huruma.

"Parasetamoli," alisema. "Nusu kidonge, saa tatu asubuhi. Nilimpa mimi."

Daktari alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa saba na nusu. Hakumlaumu; alimwekea Karani bomba la oksijeni puani, kisha akaeleza huku mikono ikifanya kazi. Ini la paka haliwezi kuvunja dawa ile kama la mtu. Kwa paka hakuna dozi ndogo ya parasetamoli, hata ya kuonja.

Vidole vya mzee viliachia kiwiko. Akanyoosha mkono kando, akapapasa hewani mpaka akaupata ukuta, akauegemea.

"Ipo dawa inayovunja sumu hii," daktari aliendelea, "ile ile wanayopewa watu waliomeza vidonge vingi. Mimi hapa imeniishia. Hospitali kubwa huwa nayo."

"Nitaifuata," alisema Dozi.

Alipanda pikipiki kwa mara ya kwanza tangu ujana wake. Kwenye wodi aliyoiongoza zamani alimkuta msimamizi mpya, mwanafunzi wake mwenyewe, aliyeinuka kwa furaha alipomwona.

"Mwalimu! Karibu, kaa."

"Sikai, mwanangu." Akaitaja dawa.

Furaha ikamtoka yule binti. "Nani amemeza? Mjukuu?"

Angeweza kusema ni jirani. Njiani alikuwa ameshaiandaa hata sentensi yake. "Ni paka wa mume wangu," alisema. "Nimempa parasetamoli bila kuuliza kama paka hupewa. Kisha daktari aliponiuliza, nikamdanganya."

Msimamizi akainua simu, akaongea na mfamasia, na baada ya muda zikaletwa chupa tatu zilizokuwa zinakaribia kwisha muda wake. "Tia sahihi hapa, Mwalimu," alisema kwa upole, na upole huo ulimchoma Dozi kuliko kama angekemewa.

Karani alilala kliniki siku tatu. Siku ya kwanza daktari hakuahidi kitu. Ya pili ufizi ulianza kupata rangi. Ya nne walimleta nyumbani amekonda, mguu umefungwa bendeji, na ushauri mwingi. Akiwaaga, daktari alitaka ahasiwe akipata nguvu, ili apunguze ugomvi, na chanjo ya kichaa cha mbwa isimpite tena.

"Basi Karani anastaafu mapema kuliko wote," mzee alisema, na daktari akacheka. Dozi hakucheka, maana tangu siku ile ya kwanza kliniki mumewe alikuwa hajamwita Sista.

Jioni hiyo alihamisha kisanduku kwenye kabati la juu lenye kufuli, na pakiti ya sumu ya panya iliyokaa miaka chini ya sinki akaitoa ndani ya nyumba. Mzee alisikiliza milango ikifunguliwa na kufungwa. Kisha akasema:

"Kosa la dawa nimelielewa. Hukujua, na asiyejua hafungwi kwa kutojua. Lakini ulimdanganya daktari, mimi nimekushika mkono. Mimi sioni. Mtu akiniambia hili ni jiwe, kwangu ni jiwe."

Dozi alisema "Nisamehe," naye akaitikia kwa kichwa, ila mambo hayakurudi mahali pake kwa neno moja. Alipomletea dawa yake ya matone ya kutuliza maumivu ya macho, ambayo kwa miaka alikuwa akiinua uso tu na kudondoshewa, mzee alimshika mkono.

"Hii ni ipi?"

Akamsomea kichupa: jina, idadi ya matone, tarehe ya mwisho. Ndipo akainua uso.

Wiki kadhaa baadaye fundi cherehani wa nyumba ya pili alibisha hodi, amebeba kitoto cha mbwa kilichokuwa kinatapika. "Dada, nikatie kidonge chochote. Wewe mkono wako ni mwepesi."

"Simpi kitu," alisema Dozi, na hapo hapo mlangoni akamweleza yote: supu, nusu kidonge, rangi ya ufizi. Alipofika kwenye lile jibu la uongo alisita. Nyuma yake redio ilikuwa imepunguzwa sauti. Akalisema nalo, bila kulipamba, kisha akachukua mtandio wake, akaongozana na jirani mpaka kliniki.

Aliporudi, mzee alikuwa barazani, Karani amejikunja mapajani.

"Kana nini kale kambwa?"

"Minyoo. Kamepewa dawa, katarudi wiki ijayo."

"Daktari mmemwambia kila kitu?"

"Kila kitu. Hata soksi kalizokula."

Mzee alicheka kidogo, akasogea kwenye benchi kumpisha. "Kaa, Sista. Umetembea sana leo."

Mpaka leo, kila akiletewa matone, bado huuliza ni yapi. Dozi humsomea kichupa chote, neno kwa neno, wala hajawahi kumwomba aache kuuliza.