Uzio wa Naibor

Naibor alisimama palepale aliposimama jana. Mbele yake hapakuwa na kitu: nyasi fupi zilizokauka, mteremko, na chini yake chemchemi, ikisikika ikichuruzika. Ng'ombe wengine wote wa Lekoko walisimama nyuma yake, ndimi nje.

"Nenda, mama, nenda," Naisenya, binti wa Lekoko, alimbembeleza, akimsukuma kwa bega. Ngozi ya ng'ombe ilitetemeka, miguu haikusogea.

Mstari uliomzuia Naisenya aliuchora mwenyewe, kwa kidole, kwenye simu. Mwaka jana kampuni moja ya teknolojia ilipanda hadi kijijini kwao Nainokanoka na kola za kuchungia. Ng'ombe akikaribia mpaka uliochorwa, kola inalia. Akiendelea, inampiga shoti shingoni. Hakuna fimbo, hakuna kukimbizana kwenye ukungu. Naisenya, mwenye stashahada ya mifugo, ndiye aliyemshawishi baba yake. Kila boma lilipewa kola moja ya majaribio, nao wakamvisha Naibor, maana akienda yeye wote wanaenda. Kengele yake wakaivua. Wakati huo bwawa la juu lilikuwa limejaa, na huku chini chui alikuwa akila ndama, kwa hiyo mstari ukapita hapa. Lekoko alifurahi mno. Alisema sasa anachunga akiwa amelala.

Sasa bwawa la juu lilikuwa tope lililopasuka. Naisenya alipofungua programu aufute mstari, alikuta maneno mawili matatu: huduma imesitishwa, asante kwa kuwa nasi. Akampigia Inosenti, kijana wa Karatu aliyewaletea kola.

"Dada Naisenya, hata mimi wameniachisha kazi, tena kwa ujumbe wa simu," alisema. "Wamepata wazo jipya. Siku hizi wanatengeneza kola za mbwa, za huko Ulaya. Mbwa ndiye anayelipa."

"Na ng'ombe wangu?"

"Kata tu hiyo kola."

"Tumeikata tangu jana asubuhi. Bado amesimama."

"Basi, dada, hapo hata kampuni ingekuwepo isingekuwa na cha kubonyeza."

Lekoko alimrudishia Naibor kengele yake. Akamwekea magadi ya kulamba mbele, hatua chache ng'ambo ya mstari. Naibor akanyoosha shingo, akanusa, akarudi nyuma. Wakawatenga madume watatu na kuwaswaga kwa fimbo mpaka nusu ya mteremko. Naibor akalia mara moja tu, nao wakageuka mbio kumrudia.

Jirani yao Seenoi alipita na punda zake, madumu yakigongana, akauvuka mstari kama vile haupo.

"Haya, msomi! Mfungulie mlango basi!"

"Yeyo, mama yangu, usinicheke."

"Nisicheke nini? Ng'ombe kafungwa na hewa!" Kisha akaziona mbavu za Naibor, kicheko kikamwishia. Alipopanda kurudi kutoka chemchemini aliwaachia dumu moja la maji. Ng'ombe walilivamia kwa pamoja, likapasuka, ardhi ikayanywa yale maji kabla yao.

Lekoko alilitazama lile doa likikauka. Akafungua kamba kiunoni.

"Nampeleka mnadani. Wakimkosa huyu, watajifunza kumfuata mwingine."

Naisenya alimshika Naibor pembe, baba yake akamfunga kamba.

Naibor alikwenda vizuri. Alipanda kilima bila kuvutwa, kichwa juu, kengele ikilia kwa mwendo wake wa zamani. Upande ule hakuchorewa kitu. Naisenya alibaki na kundi, fimbo mkononi, tayari kuwateremsha majini akishatoweka.

Hawakusubiri atoweke. Ng'ombe wa kwanza aligeuka, kisha wa pili, kisha wote, wakayapa maji mgongo na kuifuata kengele. Naisenya alikimbia mbele yao, akatandaza shuka yake, akapiga kelele. Walimpita kushoto na kulia.

"Baba, simama!"

Lekoko alisimama. Naibor akasimama, na kundi zima likasimama nyuma yake, juu kuliko lilivyokuwa asubuhi. Ndama mmoja alipiga magoti, akalala ubavu.

"Nimvute au nimwachie?" Lekoko aliuliza. Alimuuliza kwa upole, kama alivyokuwa akimuuliza siku zile za simu, akisubiri binti yake aguse mahali fulani na jambo liishe.

Naisenya alitoa simu, lakini humo hamkuwa tena na mstari wa kugusa. Kutoka pale bado chemchemi ilisikika.