Mgongo wa Msugua Nongo

Kwa zaidi ya miaka thelathini Bibi Jeomrye alikula kwa nongo za watu. Katika hamamu ya wanawake nyuma ya soko la mji wa Jecheon alisimama mchana kutwa mbele ya kitanda cha plastiki, nguo ya ndani tu mwilini kwa sababu ya joto, kitambaa cha kijani chenye kukwaruza kakivaa mkononi, akiwasugua wake za wakubwa na wauza samaki bila kubagua. Nongo zikishajiviringa mgongoni, alimwonyesha mwenyewe: "Tazama ulichokuwa umekibeba." Mteja alicheka kwa aibu, akajimwagia maji, akaenda zake mwepesi.

Hamamu ile ilifungwa siku nyingi. Sasa Bibi Jeomrye ana miaka themanini na mitatu, na ngozi iliyomlisha imemgeuka. Miguu imepauka, visigino vina magaga, na kila akivua soksi unga mweupe unamwagika sakafuni. Majira ya baridi ndiyo mabaya zaidi. Nje baridi inakata, ndani sakafu inachemshwa kwa mabomba ya maji moto yaliyo chini yake mpaka hewa inakauka, na bibi mwenyewe hakubali kukaa pengine ila pale sakafu inapounguza. Analala juu ya moto, anaamka anajikuna. Mwezi wa kumi na moja alijikuna muundi mpaka ukatunga usaha, homa ikapanda, akalazwa hospitali.

Hapo ndipo mwanawe wa kiume, Gitae, aliposhuka kutoka Seoul na kumvuta dada yake, Chunok, kwenye korido.

"Dada, mimi sikulaumu. Lakini kidonda kingine kama hiki, mama anakwenda Wonju."

Wonju kuna nyumba ya kutunzia wazee, yenye wauguzi na madirisha makubwa. Gitae alikuwa ameshakwenda kuitazama.

"Hakitatokea kingine," Chunok akasema.

"Nitakuja mwaka mpya. Nitamtazama mwenyewe."

Chunok alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane. Asubuhi alipika katika shule ya msingi, mchana alirudi nyumbani kwa mama yake, alikohamia baada ya kumzika mume. Si malaika. Zilikuwepo siku alizotamani aingie kwenye nyumba tupu, asiulizwe kitu na mtu. Lakini alikuwa ameshaona mwenyewe jinsi wazee wa mtaani walivyopelekwa kwenye nyumba zile, na jinsi watoto wao walivyopunguza kwenda kuwaona, na alikuwa ameapa moyoni kwamba mama yake atafia juu ya sakafu yake mwenyewe.

Akamwendea mfamasia wa pale sokoni, akaelekezwa, akashika maelekezo kama anayeshika swaumu. Maji ya uvuguvugu, si ya moto. Aoge upesi, atoke. Sabuni kwapani na miguuni tu. Taulo ligandamizwe mwilini, lisisuguliwe. Na ngozi ikiwa bado ina unyevu, apakwe mafuta mazito ya mgando, mwili mzima, asubuhi na jioni. Kucha fupi. Nguo ya ndani ya pamba. Moto wa sakafu akaupunguza kwa siri, na chumbani akatanda kamba, akaanika mashuka mabichi ili hewa ipate maji.

"Nyumba imekuwa kwa dobi," mama akalalamika.

"Inakusaidia ngozi, mama."

"Ngozi yangu haijawahi kuomba mashuka." Alinyoosha mguu apakwe, huku amegeuza uso. "Na haya mafuta. Unanipaka kama samaki anayesubiri kikaango."

"Samaki angekuwa ametulia."

"Kwanza ungesugua, halafu ndiyo upake. Nani anapaka rangi ukuta wenye vumbi?"

"Hili si vumbi, mama. Ni ngozi yako imekauka inabanduka."

"We mtoto, nongo nimezijua mimi kabla wewe hujazaliwa."

Na kweli alizijua, hilo ndilo lililokuwa balaa. Mtu mwingine ungemweleza akaelewa. Lakini huyu kila alipoona weupe ule miguuni aliona kazi iliyolala, akaona aibu, kama mpishi anayekutwa na sufuria chafu. Kitambaa chake cha kijani Chunok alikificha juu ya kabati la vyombo. Bibi alikitafuta siku mbili, kisha akaacha.

Hata hivyo mafuta yakafanya kazi. Mwezi wa kwanza ulipokwisha, miguu ilikuwa imelainika, vidonda vimebaki makovu ya waridi, na mgongo, uliokuwa mbaya kuliko kote, umefunga vigamba vidogo vyembamba. Chunok aliupaka polepole kwa kiganja na kusikia ngozi inainywa ile dawa, akafurahi kuliko alivyopata kufurahi kwa muda mrefu. Alimpigia Gitae simu akajigamba kidogo. Nani asingejigamba?

Ikafika siku ya kuamkia mwaka mpya, ule wa kale unaohesabiwa kwa mwezi mwandamo. Jecheon nzima siku hiyo huenda kuoga katika hamamu zilizobaki. Hakuna anayetaka kuinama mbele ya wahenga akiwa na uchafu wa mwaka uliopita. Tangu asubuhi wanawake walipita barabarani na vikapu vyao vya sabuni na taulo, nywele zikitoa mvuke wakati wa kurudi, mashavu mekundu. Bibi Jeomrye aliwatazama dirishani. Chunok alikuwa jikoni anachovya vipande vya samaki na maboga kwenye mayai na kuvikaanga kwa ajili ya meza ya tambiko. Alimpelekea mama yake sahani, ikarudi ilivyokwenda.

"Mama, kula basi. Unaumwa?"

"Mgongo tu," bibi akasema.

"Unauma?"

"Nasema naomba unisugue mgongo tu. Miguu iache. Mikono iache."

"Mama, tulishaongea."

"Kesho nitasimama mbele ya picha ya marehemu baba yako. Nitamwinamia na nongo za mwaka mzima mgongoni. Mimi. Mji huu mzima nimeuosha mimi, hata yule mke wa meya alikuwa haendi kwa mwingine. Nani aliyebaki mchafu leo? Mimi." Akafuta pua kwa kiganja. "Unanipaka mafuta juu ya uchafu kila siku na mimi nakaa kimya. Nimechoka kunuka, mwanangu."

"Hunuki, mama."

"Nanuka. Wewe umezoea."

Kisha akalia. Chunok alikuwa hajawahi kumwona mama yake akilia. Siku ya maziko ya baba alikuwa akigawa chakula na kuwakemea wapishi. Sasa alilia bila sauti, mabega yakiruka, kizee kidogo juu ya mto wa kukalia, na mafuta jikoni yakaanza kutoa moshi.

Chunok akazima jiko. Akapanda kiti, akakitoa kitambaa.

Alijiambia mgongo tu, tena kwa upole. Akamkalisha mama yake kwenye kigoda bafuni, akamwagia maji, na maji yenyewe aliyafanya ya moto kidogo kwa sababu bibi alisema ya uvuguvugu hayalainishi kitu. Akaanza kupitisha kitambaa juu juu.

"Unanitekenya?" bibi akauliza. "Sugua kama mtu aliyekula."

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Chunok hakuwahi kuifanya kazi ile kwa malipo, lakini utotoni alishinda hamamuni akimchotea mama yake maji, na mkono wake uliijua njia: kutoka kiunoni kwenda juu kwa mvuto mrefu, kisha mabegani kwa miviringo. Akakaza. Nongo zikaanza kujiviringa, za kijivu, nyembamba, na Chunok, Mungu amsamehe, akasikia raha. Akawaza: kumbe zilikuwepo. Kumbe mama alisema kweli.

"Hapo," bibi akasema. Sauti yake ilikuwa imerudi ujanani. "Hapo hapo, katikati. Ongeza. Ndiyo, sasa nimekuwa mtu."

Chunok akaongeza. Alipochota maji na kusuuza ndipo alipoona yanatelemka na rangi. Vigamba vyote vilikuwa vimekwenda. Kati ya mabega palikuwa pekundu, pabichi, pana kama kiganja cha mtu mzima, na damu ilikuwa inachomoza kwa vitone vitone. Zile za kijivu hazikuwa nongo. Ilikuwa ngozi mpya, ile ile aliyoilea miezi miwili.

Alimkausha kwa kugandamiza, akampaka dawa. Mikono ilimtetemeka hata kifuniko cha kopo kikamponyoka. Bibi alifinya midomo na hakulalamika. Jioni alikula vizuri, akalala, na Chunok akakaa jikoni akimalizia kukaanga, akiomba kwa kila mungu na mhenga aliyemjua kwamba kufikia asubuhi pawe pamekauka.

Hapakukauka. Gitae alifika mapema, peke yake, mkewe kabaki nyumbani na homa. Meza ya tambiko ilikuwa tayari, matunda yamepangwa, pombe imemiminwa. Bibi Jeomrye alivaa kizibao chake cheupe cha sikukuu, akasimama mbele ya picha ya mumewe uso ukiwa unang'aa kabisa, akainama. Gitae alikuwa nyuma yake. Alipoinuka kutoka kwenye kuinama kwake aliona madoa, ya manjano na ya waridi, yamejichora katikati ya kitambaa cheupe.

Alisubiri tambiko liishe. Kisha akasema, "Mama, hebu nione mgongo."

"Mgongo una nini? Kaa unywe supu ya mwaka mpya, uongeze mwaka wa umri."

"Mama."

Wakaingia chumbani. Gitae akakiinua kizibao mwenyewe, akatazama.

"Nimejisugua mwenyewe," bibi akasema upesi. "Dada yako alikuwa sokoni. Usimtazame yeye."

Mtu hujikuna ajipatapo, na pale kati ya mabega hakuna anayejipata. Gitae alikuwa amelelewa kwa kazi ile ile, alijua watu hulipa kusuguliwa kwa sababu gani. Akaushusha upindo wa nguo.

"Dada?"

"Ni mimi," Chunok akasema. "Aliniomba. Alilia, Gitae. Wewe hukumwona."

Gitae hakugomba. Alikaa chini juu ya sakafu, suti na yote, akajishika kichwa. Kutoka jikoni harufu ya supu ilikuwa inakuja na hakuna aliyekwenda kuiepua. Chunok alisimama mlangoni akiona mambo yote yamekwisha, miezi yote, mashuka yote, kwa nusu saa ya mkono wake mwenyewe. Alijichukia, kwa kweli alijichukia.

"Basi," Gitae akasema mwishoni. "Ni mara moja tu. Kitapona. Tuseme ni mwaka mpya, imepita. Mama abaki."

Aliyejibu ni mama.

"Mnaona sasa?" Bibi Jeomrye alikuwa akifunga utepe wa kizibao, polepole, kwa vidole vyake vilivyopinda. "Mmoja nimemlilia kidogo akapanda kiti. Mwingine kaona damu, na bado kalegea. Kitapona, halafu nitaomba tena. Najijua mimi. Nikiwashwa nitaomba, na huyu atanipa, na siku moja nitaoza nikiwa mikononi mwake, halafu aishi na jambo hilo."

"Mama, sitakupa tena," Chunok akasema.

"Utanipa." Akageuka kumtazama. "Jana ulipokuwa unanipaka ulikuwa unatetemeka. Mimi miaka yote ile sikuwahi kutetemeka juu ya mgongo wa mtu. Unajua kwa nini? Hawakuwa watu wangu. Mimi nahitaji mtu wa namna hiyo. Mgeni, aniambie hapana, anipake mafuta, aende akanywe chai yake." Akampa Gitae mkono ainuliwe. "Nipeleke Wonju. Si leo, leo ni sikukuu."

Alimwendea binti yake pale mlangoni, akamzungushia mkono, kiganja kikatua mgongoni mwake. Chunok alifungua mdomo aseme baki, mama, nakuomba. Alikuwa analo neno hilo, na alilitaka. Lakini kabla halijatoka pumzi ilimshuka, ndefu, kama ya mtu anayetua ndoo kichwani, na mabega yaliyokuwa yamekaza tangu mwezi wa kumi na moja yakalegea yote kwa pamoja.

Akajaribu kuyakaza tena. Akamsihi mama yake abaki, akamsihi kwa machozi ya kweli, na Bibi Jeomrye akamsikiliza mpaka mwisho. Kiganja alikiacha pale pale mgongoni, na kilikuwa kimeshayasikia mabega yakilegea.