Hatua Elfu Tisa za Cherehani

Nesi wa kliniki ya moyo ni binti mdogo, sawa na kitindamimba wangu, lakini ana mdomo kama mwenye nyumba. Alinifunga kidude cha kuhesabu hatua mguuni, akasema, "Mzee wangu, moyo wako umechoka kusukuma damu. Dawa peke yake hazitoshi. Tembea kila siku, hata kidogo kidogo. Tutaanza na hatua elfu mbili."

"Elfu mbili kwenda wapi?" nikamuuliza.

Hakucheka. Mke wangu naye, badala ya kunitetea, akadakia, "Asipotembea, cherehani naitoa ndani. Nesi, wewe shahidi."

Jamani! Miaka thelathini na minane nashona. Moyo umeshaninyang'anya chumvi, ngazi na kulala chali. Sasa na cherehani pia? Bila cherehani mimi ni nani? Ni mzee wa miguu iliyovimba anayevizia choo, maana vile vidonge vya kukojoa havina adabu hata kidogo.

Siku ya kwanza nilitembea kweli. Nilifika kwenye kona, pumzi ikakata, nikashikilia ukuta wa watu mpaka mwenyewe akatoka kuuliza kama nataka kuununua. Nikarudi nyumbani nimefura. Nikakaa kwenye cherehani nimalizie suruali ya mteja, nikakanyaga pedeli, nikachungulia kidude. Loo! Namba zinapanda zenyewe.

Nikakivua, nikakifunga kwenye pedeli kwa kipande cha bitana. Kuanzia hapo nilizunguka nchi nzima nimekaa. Mashuka ya kupinda, elfu tatu. Sare za shule, elfu sita. Siku ya mapazia nilifika elfu tisa, nikajiona mwanariadha.

Mwezi ukaisha, tukarudi kliniki. Nesi akasoma namba, macho yakamtoka. "Hongera, mzee wangu! Haya, tembea kwenye korido hii dakika sita, tuone."

Korido! Sikuwa nimeifikiria korido. Dakika ya pili nilikuwa kwenye benchi, nahema. Aibu ile sijawahi kuiona. Hata ile siku niliyomshonea bwana harusi suruali yenye miguu yote ya kushoto ilikuwa na nafuu. Nikasema kila kitu, pedeli na bitana.

"Hayo ni mazoezi ya kisigino," nesi akasema taratibu. "Moyo haukai kisiginoni."

Nikamgeukia mke wangu. "Haya, kaichukue cherehani."

"Nilijua kitambo," akasema. "Mtu gani anatembea hatua elfu tisa, na viatu vyake viko mlangoni vimeota utando wa buibui?"

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Akawa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio. "Nikiwa jikoni nasikia cherehani. Ikilia, najua uko hai. Ikinyamaza, najitia nakuletea maji."

Yale maji! Mwezi mzima nimemfokea kwa yale maji, kwamba daktari kanipimia hata maji ya kunywa, kwamba anataka kunizamisha. Nilishindwa kumtazama usoni.

"Nisipotembea nitakufa, mama watoto," nikamwambia. "Nikitembea, cherehani itanyamaza. Sasa tufanyeje?"

"Tutatembea wote."

Basi kila asubuhi tunatoka, kidude kiko mguuni kwangu, mahali pake. Tukifika kwenye ule ukuta tunapumzika, mwenyewe anatusalimia, tunaongeza kidogo. Jioni nashona, na siku hizi navaa viatu bila kuomba msaada. Sharti la mke wangu ni moja tu: nisinyamaze njiani. Nesi naye kamuunga mkono, eti nikiweza kulalamika, mwendo ni sawasawa.

Nikikaa kimya kidogo tu, ananibana mkono. "Sema kitu."

Nami nalalamika: jua, mawe, vidonge, nesi, yeye mwenyewe. Jana nililalamika hatua elfu moja na mia mbili.