Ulimi wa Jeomrye

Malsun alimimina bakuli la tatu la uduvi wa chumvi kwenye rojo la pilipili, akakoroga upesi, kisha akatazama dari kama mtu asiyejua lolote. Rojo lenyewe lilitaka bakuli moja tu.

Miaka kumi na mmoja aliingojea siku hii! Wiki moja baada ya kumzika mumewe alileta kimchi yake, kabichi iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili, hapa hapa jikoni mwa kanisa, na Jeomrye, mwonjaji mkuu, akaitema mbele ya wanawake wote. "Leteni maji jamani! Mjane huyu katupikia machozi!" Wakacheka hadi wakashika mbavu. Tangu hapo Malsun hakukosa sala ya alfajiri hata mara moja, na watu wakamsifu kwa uchaji wake. Laiti wangejua alichokuwa akiomba. Alimwomba Mungu ampe Jeomrye aibu, na ampe yeye uhai wa kuishuhudia.

Jumapili iliyopita alimwona Jeomrye akinywa maziwa yaliyoharibika bila hata kukunja uso, akaelewa kwamba uzee umeshaula ulimi ule. Mwanamke wa miaka sabini na minane, na bado ndiye anayepitisha kimchi ya kanisa zima kwa majira yote ya baridi! Leo angeonja, angesema tamu, na wote wangeijua siri yake.

"Haya, mama mwonjaji!" aliita Mama Hyeok, mikono myekundu hadi viwikoni. "Kabichi mia tatu zinakungoja. Tusije tukazeekea hapa."

"Wewe ulishazeeka zamani, usinisingizie," Jeomrye alijibu.

Alichana jani la kabichi, akalipaka rojo, akalikunja. Moyo wa Malsun ulidunda kwa furaha mbaya. Lakini jani lilimjia yeye, kama wanawake wanavyolishana siku ya kutengeneza kimchi, na siku hiyo hakuna anayekataa tonge la mwenzake.

"Fumbua kinywa, dada." Kisha Jeomrye akainama, akamnong'oneza: "Tangu Machi sisikii ladha ya kitu. Chumvi, sukari, kwangu yote sawa. Hawa watanicheka. Wewe hujawahi kumcheka mtu. Niambie tu, nitasema mimi."

Chumvi ilimchoma Malsun hadi machozi yakamlenga. Kumbe hakumbuki! Alfajiri zote zile, magoti yamekwisha, kwa ajili ya mtu aliyekwisha kusahau! Neno moja tu, tamu, na Jeomrye angeaibika hadi kaburini. Alitamani kulisema. Ila vidole vya yule mwanamke vilikuwa vimeng'ang'ania mkono wa nguo yake.

"Vipi huko?" Mama Hyeok aliuliza.

"Chumvi imezidi," Malsun akanong'ona.

"Chumvi imezidi!" Jeomrye akatangaza kwa sauti yake ile ile ya kuogopwa. "Nani huyu anataka kutuua? Leteni figili za kunyonya chumvi, kateni upesi!"

Jiko zima likachangamka. Malsun akakaa pembeni na kisu, na Jeomrye akamfuata, akishusha pumzi.

"Mungu akubariki, dada."

"Niliizidisha mimi," Malsun alisema bila kumtazama. "Kwa makusudi. Na hasira yangu bado ipo."

Jeomrye akamgeukia. "Kwani nilikufanya nini?"

"Kaa chini. Utasikiliza yote, hata kama itatuchukua siku nzima."

Jeomrye akavuta kigoda, akakaa, akachukua figili.