Bila Dawa

Tangu asubuhi Fundi alikuwa hatulii. Alikaa kwenye cherehani, akashona upindo, akanyanyuka kuchungulia mlangoni, akarudi, akafumua alichoshona kwa sababu kilikwenda upogo. Chumba chake cha kushonea kilijaa magauni ya kwaya, ishirini na mawili, ya zambarau yenye kola nyeupe, na yote yalitakiwa Jumapili. Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Lakini kazi haikuwa shida yake, kazi alishazoea. Shida ilikuwa gauni moja tu, la shangazi yake, na yale aliyoyaona jana wakati wa kulijaribisha.

Shangazi huyo ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, na ndiye aliyemfundisha kushika sindano. Mwanamke wa maneno mengi, na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Jana alipoinama kuvua viatu alishika ukuta. Soksi zilikuwa zimemwachia alama za kina kwenye miguu iliyovimba kama iliyojazwa upepo. Halafu akaanza kuhangaika na kifungo cha kola, mara ya kwanza, mara ya pili, tundu halioni.

"Macho haya yananichezea," alisema. "Vitu vinakuwa viwiliviwili. Hata wewe nawaona wawili, na mmoja wenu ana sura mbaya."

Fundi alicheka, kisha akamwuliza kama dawa za presha anameza.

"Dawa gani tena, mwanangu? Nilizitupa chooni, huu mwezi wa pili unaingia. Aliyekuponya wewe bila dawa, kwani mimi ni mtoto wa kambo kwake?"

Fundi aliendelea kubandika pini.

Bila dawa. Yalikuwa maneno yake mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka aliugua tumbo. Lilimchoma mpaka akawa anashona amejikunja. Watu wa kanisa walikuja kumwombea siku tatu mfululizo, wengine wamefunga, na kweli ile hofu ya kufa ilimtoka. Ila kabla ya hapo alikuwa amekwenda zahanati, akapimwa, akaambiwa ni vidonda vya tumbo, akapewa vidonge vya aina tatu vya kumeza wiki mbili. Alivimeza vyote, hakuruka hata siku moja. Alivificha kwenye kopo la vifungo. Hakuna aliyemkataza hospitali. Mchungaji mwenyewe alivaa miwani aliyoandikiwa na daktari. Aliona haya tu. Watu wameshinda na njaa kwa ajili yake, halafu wamkute anameza vidonge kama mtu asiyeamini?

Kanisani kwao, kabla ya mahubiri, mwenye ushuhuda husimama mbele, na kiongozi wa ibada humsaidia kwa maswali ili asiishiwe maneno. Siku ya Fundi ilipofika, kiongozi aliuliza kama amepona, akasema amepona. Kama maumivu yapo, akasema hakuna. Yote hayo yalikuwa kweli. Makofi yakaanza. Ndipo kiongozi akauliza, sauti ikipanda, "Na dawa je? Bila dawa?" Makofi yalikuwa yameshambeba, na kusema vinginevyo kungekuwa kama kuwamwagia watu maji ya baridi.

"Bila dawa," akasema.

Kanisa lililipuka. Baada ya hapo aliitwa kwenye kikundi cha akina mama, akaitwa kanisa la jirani, na kila alipoitwa alitia chumvi kidogo. Mara ya tatu alikwisha kusema kwamba alimrudishia daktari vidonge vyake mkononi, wakati siku ile daktari hata hakuwepo, alihudumiwa na muuguzi.

Sasa chumvi ile ilikuwa imefika kwa Shangazi.

Mchana wa Ijumaa aliacha cherehani na kwenda duka la dawa. Alikuwa amepanga kununua vidonge vya presha, avisage, amwekee Shangazi kwenye chai. Muuza dawa alimwuliza mgonjwa alikuwa anameza zipi, za nguvu gani, na amepimwa lini. Fundi hakujua lolote. Alijaribu kusema za kawaida tu, kwa mama wa makamo, mnene kiasi.

"Mama, presha si nguo, kwamba utamkadiria," muuza dawa alimwambia. "Mlete apimwe. Na usichelewe."

Akatoka. Hakwenda kazini wala nyumbani, alizunguka mtaa mzima mara mbili, watu wanamsalimu, anaitikia bila kujua anamwitikia nani. Aliomba huku anatembea. Akajisikia anamwomba Mungu amponye Shangazi upesi, leo leo, na alipojisikiliza vizuri akagundua sababu: Shangazi akipona, yeye hatahitaji kusema. Akanyamaza katikati ya maombi, maana aliona aibu kuyamalizia.

Jioni alimweleza mumewe, fundi wa mageti, aliyekuwa anajisugua masizi mikononi. Mume hakushangaa. Alikuwa ameliona kopo la vifungo siku nyingi.

"Mbona hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Siku ile nami nilipiga makofi," alijibu, na akaendelea kusugua hata mahali palipokwisha takata.

Jumamosi Fundi alilikunja gauni, akaenda nalo kwa Shangazi. Alimkuta amelala saa sita mchana, pazia limefungwa, kichwa amekifunga kitambaa kwa nguvu. Hapo hakuzunguka tena. Alimwambia kila kitu: zahanati, vidonge vya aina tatu, kopo, wiki mbili. Akamwomba waondoke sasa hivi wakapime.

Shangazi alimsikiliza amefumba macho. Halafu akacheka, kicheko kidogo, kwa sababu kichwa hakikuruhusu kikubwa.

"Nakujua wewe. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unanidanganya umeshiba ili mimi nile. Leo unanidanganya tena ili niende hospitali. Una huruma, mwanangu, lakini uongo hujui."

"Shangazi, nakwambia kweli. Uongo ni ule wa kanisani."

"Kanisani ulisimama mbele ya madhabahu, watu wote wanakuona, sauti haikutetemeka. Leo unakuja kuninong'oneza kitandani. Nimwamini yupi, yule au huyu?"

"Huyu."

"Basi huyu akasimame pale aliposimama yule. Nitamsikia nikiwa kwenye kwaya." Akageukia ukutani.

Fundi alimsihi asingojee kesho, akamshika mkono, akaitwa msumbufu. Alitoka pale mbio mbio hadi kwa Mchungaji, akamkuta anapanga viti vya Jumapili peke yake, amekunja mikono ya shati. Alimweleza akiwa bado anahema. Mchungaji alikaa kwenye kimojawapo cha viti vile, na Fundi akaanza kuvipanga yeye.

"Nisiposema, Shangazi atakufa," Fundi alisema. "Nikisema, si nitamwondolea Mungu utukufu wake? Watu waliamini."

"Mungu hakukutuma umwongezee," Mchungaji alisema taratibu. "Alikuponya kwa njia aliyoitaka. Wewe ukaona haitoshi, ukaiongeza." Akavua miwani, akajifuta uso. "Na mimi nimeuhubiri ushuhuda wako mahali pawili bila kukuuliza vizuri. Kesho utasimama wa kwanza. Mimi nina safari zangu mbili za kwenda kusahihisha."

Usiku ule ulipita hivyo hivyo, na asubuhi ikafika. Kwaya iliingia kwa magauni ya zambarau, watu wakageuka kuyaangalia. Shangazi alikaa mstari wa pili, ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Fundi alipoitwa, makofi yalianza kabla hajafungua mdomo, kwa mazoea. Kiongozi wa ibada alikuwa anatabasamu, amejiandaa na maswali yake.

Fundi alimwomba asimwulize kitu.

"Mwaka huu niliwaambia nimepona bila dawa," alisema. "Nilimeza dawa. Wiki mbili, asubuhi na jioni. Maombi yenu nilipokea, na Mungu namshukuru, lakini lile neno la bila dawa nilisema uongo. Yule daktari niliyemrudishia vidonge hayupo, nilimtunga. Kuna mtu ameacha dawa zake kwa sababu yangu, na anaumwa. Naomba mnisamehe. Naye naomba aondoke hapa sasa hivi aende hospitali, asingoje hata wimbo."

Akina mama wa mbele waliinamisha vichwa. Mmoja alisema, si kwa sauti ya chini, kwamba shetani amemwingia. Kisha mzee mmoja wa viti vya nyuma akasimama, kofia mkononi.

"Na mimi basi nirudie zangu?" aliuliza.

Fundi alimtazama yule mzee, ambaye hakumjua hata kwa sura. Alikuwa amehesabu mtu mmoja tu.

"Rudia, baba," alisema. "Rudia leo."

Mchungaji alikuwa ameshateremka kwenda kwa mzee. Kwenye kwaya Shangazi alinyanyuka, akapita kati ya wenzake akishika bega la huyu na la yule, akampita Fundi bila kumtazama, akatoka nje. Fundi alimfuata. Shangazi alikuwa amesimama juani akipepesa macho.

"Nishike mkono, ngazi siioni," alisema. "Na sijasema nimekusamehe."

"Ndiyo, Shangazi."

"Kunitupisha dawa chooni, mtu niliyemwogesha mwenyewe."

"Ndiyo."

Mume wa Fundi alikwishapata gari la jirani. Hospitali waliingizwa upesi, muuguzi alipoiona ile miguu. Alimkalisha, akamwuliza kama anameza dawa zake kila siku. Shangazi alianza kutikisa kichwa kukubali, kama wanavyofanya watu wote mbele ya muuguzi. Akasita.

"Hapana," alisema. "Niliziacha. Wiki ya sita hii."

Muuguzi alimfunga mkanda wa kupimia mkononi, akasubiri, akapima tena mkono wa pili. Akamwita mwenzake wa chumba cha jirani, wakasemezana kwa kunong'ona, na kitanda kikasogezwa.

"Ni ngapi?" Shangazi aliuliza.

Muuguzi alimtazama Fundi kwa yale macho ya kumwuliza ndugu: tumwambie mgonjwa, au tumfiche kwanza?

Fundi alisogea karibu na kitanda.

"Mwambie yeye mwenyewe," alisema. "Mwambie kama ilivyo."