Kombe la Mwalimu Sumaili

Mwalimu Sumaili ndiye pekee mjini Kasongo aliyefundisha chuo cha Kurani bila fimbo. Wenzake walimcheka, wakasema anafuga mbuzi. Yeye kwa miaka ishirini aliwatazama watoto, wanavyoshika masomo na wanavyosahau, akaandika yote kwa herufi za Kiarabu katika karatasi kumi na mbili, kwa wino wa masizi. Ndui ilipomuua, karatasi hizo aliniachia mimi, Feza, mwanafunzi wake mbishi kuliko wote. Hazikuwa na nakala.

Mwezi uleule askari wa Wazungu wakauteka mji. Nikakimbilia Kabambare na mjane wa Mwalimu, mama Aziza, karatasi nimezifunga tumboni. Kwenye kijito kimoja tukakutana na watu wanaorudi mbio. Mbele askari wanapekua, walisema, na jana mtu aliyekutwa na barua ya Kiarabu alipigwa risasi. Nyuma yetu mji ulikuwa unaungua.

"Zitupe mu maji, Feza," alisema mama Aziza.

"Ni kazi ya bwana yako, mama."

"Bwana yangu alisha kufa. Weye ungali muzima."

Ndipo nikakumbuka kombe. Kwetu mgonjwa huandikiwa aya kwenye sahani, wino ukaoshwa kwa maji, akanywa, na maneno yakamkaa mwilini. Nikaziosha karatasi kibuyuni, moja baada ya moja, nikanywa maji yale meusi. Sikusoma hata mstari mmoja. Niliogopa mno, na niliamini nitayakuta moyoni. Karatasi tupu nikazikanyagia matopeni.

Huko mbele askari mmoja alipekua mizigo yetu, kisha akanitazama usoni.

"Mudomo yako iko nyeusi sababu gani?"

Nilijua nimekufa.

"Ni dawa," alisema mama Aziza. "Huyu iko mugonjwa."

Askari akatuashiria tupite.

Tulipofika kijiji cha Wamaza nikapata kalamu na karatasi. Nikakaa siku tatu nikijipekua kama yule askari. Yale aliyoniambia ameandika juu ya kusahau, yale ya mchezo, yale ya mtoto mzito wa kusema, hata moja halikuwepo. Nikalia kwa hasira, nikajitukana. Siku ya nne likanirudia neno moja tu, alilokuwa akituambia kila asubuhi kabla ya kutugawia mbao zetu za kuandikia.

"Mutoto mwenye kuogopa hashike kitu."

Nikaliandika hilo juu ya karatasi, na chini yake nikaacha peupe.